Jina la Kienyeji

Fomu ina mistari kumi na miwili.
Wa kwanza unataka tarehe, wa pili mahali:
Bonde la Msimbazi, nikaandika, ng'ambo ya matuta ya mchicha,
hatua arobaini kutoka bomba lililopasuka,
matope mpaka kwenye ugoko.
Saa mbili asubuhi. Umande bado.

Kimo: kunizidi mimi na mkono nilioinua.

Shina: kijani juu, chini limekomaa likawa mti,
na miiba midogo iliyopinda kama kucha za mtoto wa paka;
huioni, unaisikia.
(Kuna damu kwenye kona ya karatasi.
Fomu haina mstari wake.)

Majani: hapa nilisita.
La chini lina vidole vitano, kiganja kinachosema ngoja.
La katikati vitatu.
La kileleni halina hata kimoja, meno tu pembeni.
Uyachume, uyatandaze kwenye mkeka,
utaapa ni ya mimea mitatu iliyogombana.
Ni mmoja. Unabadili mawazo
kadiri unavyopanda.

Ua: petali tano,
njano hafifu, njano ya kiini cha yai la kisasa,
na kooni kabisa, damu ya mzee.
Katikati umesimama mnara, stameni zimeung'ang'ania
kama watu waliokimbilia juu ya paa maji yalipoingia.
Ua lenyewe linatazama chini,
kama aliyeangusha pini topeni
na hataki kusaidiwa.
Hufunguka asubuhi. Jioni limejikunja. Kesho limedondoka.

Jina la kitaalamu: kwa penseli, na alama ya kuuliza.

Jina la kienyeji:

Siwema alikuwa anafunga mafungu ya matembele.
Akalitazama ua, akavitazama viatu vyangu.
"Hiyo? Bamia ya vyura."

Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana alipatia.
Ukoo ni ule ule: bamia ya mchuzi, choya ya juisi,
chinarosi ya kwenye uzio wa mwenye nyumba.
Wote wana mnara ule, na gome lao ukilitafuna
lina ute.
Na vyura walikuwepo, mashahidi mia.

Nikaandika. Kwa wino.

Nikalilaza tawi katikati ya magazeti ya juzi,
juu ya matangazo ya viwanja vilivyopimwa,
nikafunga mikanda, nikakaza.
Wiki ya pili njano yote ilikuwa imekwenda.
Ilibaki damu ya mzee, ikiwa nyeusi kidogo,
ikiwa imechapa doa juu ya kiwanja cha Kigamboni.

Masika yakapita. Nilirudi kutafuta tunda;
mstari wa kumi ulikuwa bado mtupu.
Mto ulikuwa umehama, usiku usiku, kama mpangaji anayedaiwa,
na matuta ya Siwema yalikuwa mapya, yamesogea nao.

"Lile jina," akasema, bila kuinua kichwa, "nililitunga.
Ulikuwa umekanyaga mbegu zangu.
Nilitaka uondoke."

Jina liko kabatini, rafu ya tatu, lina muhuri.
Nilifungua mdomo, sijui niseme nini,
ndipo Chande wake akapita na ndoo kichwani,
miaka sita, magoti yote tope,
akatuonya sisi wawili kwa sauti ya mtu mwenye eneo:
"Msipite huko mtachomwa!
Kuna bamia ya vyura."

Siwema akakaza fungu ambalo lilikwisha kukazwa.

Tunda: kibonge cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba,
nywele ngumu za rangi ya majani makavu, zinawasha.
Vyumba vitano. Likikauka hupasuka lenyewe,
halingoji mkono.
Mbegu: kahawia iliyokolea, nyingi.
Nilihesabu hadi ishirini na saba, mvua ikaanza.