Kitako cha Gorogoro

Nilikuwa darasa la sita, mwerevu wa kupindukia.
Nilimwona Mama Minayo, wa meza ya pili
pale sokoni Chavakali,
akilipindua gorogoro lake na kuligonga kitako kwa jiwe,
taratibu, kama anayebanja njugu,
hadi bati likabonyea ndani upana wa kiganja.
"Macho ya mnunuzi," akanikonyeza, "hukaa mdomoni mwa kopo."

Jioni nikamfanyia mama hisani.
Sikumwambia.
Nyundo ya marehemu baba ilikuwa chini ya kitanda,
imevikwa gunia.
Mapigo matatu.

Siku ya soko iliyofuata maharagwe yaligoma kuisha.
Mama, Kageha binti Adagala, asiyejua kusoma
ila namba na nyuso za watu,
akazihesabu pesa mara mbili juu ya leso.
Zilizidi shilingi mia moja na arobaini.
Akanitazama. Akaligeuza gorogoro.
Nilingoja kofi; kofi lingekuwa rahisi.

Alitia nyundo ndani, akaligonga bati kutoka tumboni.
"Akili unayo," alisema. "Sasa omba hekima.
Akili imebonyeza kopo.
Hekima ndiyo hulipeleka mbele ya mjane
na mkono usitetemeke."

Soko tatu mfululizo aliongeza konzi juu ya kila kipimo.
Watu wakauliza, kwani ni Krismasi?
Akajibu: ni deni.
Nami nikarudishwa nyumbani kwa karo, wiki mbili,
nikapanda na kushuka njia ya kisimani nikimchukia
yeye na Mungu wake wa mizani.
Hili silifichi.
Jumapili, kanisani kwa Marafiki, tulipokaa kimya
kumngoja Roho,
mimi nilihesabu: mia na arobaini, mia na arobaini.

Leo nasimamia mizani ya ghala la mahindi, Nakuru.
Juzi alikuja bwana mmoja mwenye viatu vya ngozi,
akaweka bahasha kando ya kikombe changu,
kwa upole, kama atoaye sadaka.
"Kilo mbili tu kila gunia. Mkulima atajuaje?"
Ningependa kuandika kwamba niliisukuma papo hapo.
Sikuisukuma.
Paa langu kule Njoro halijakamilika,
mvua huingia jikoni bila hodi.
Niliitazama bahasha hadi chai ikafanya utando.

Ndipo katika kimya kile, kimya cha mabenchi ya Marafiki,
nikasikia bati likigongwa kutoka ndani.

Bwana aliondoka na bahasha yake.
Aliniachia tusi,
nami nikamwandikia risiti ya uzito kamili.

Usiku nikampigia mama simu.
Habari za bahasha sikumpa. Nilimwuliza tu
lile gorogoro liko wapi.
"Lipo uani, kuku wananywea maji.
Lakini ujue, kitako chake hakikunyooka sawasawa.
Ulikipiga, mwanangu!
Kilibaki na kijidonda, kama cha ukucha hivi.
Kwa hiyo kila nikipima, nilikuwa naongeza konzi."

"Miaka yote hiyo, mama?"

Nilisikia kuku, na mtu akifunga mlango.
"Sasa ningefanyaje," akasema,
"na kopo ni hilo hilo?"