Daftari la Saa

Mimi ndiye mweka hazina.
Daftari langu lina jalada la kijani, limelowa mafuta ya taa pembeni,
na ndani yake hakuna mkopo wa mabati wala wa ada ya shule.
Kuna saa.

Saa ya kwanza ya Lakot angani ililipwa na ufuta,
magunia ya kina mama wa Purongo, yamepepetwa mara mbili.
Saa ya pili ni beberu la Abwola, lile la pembe moja.
Saa ya tatu sijui. Mtu alipenyeza noti chini ya mlango wangu
zimefungwa kwa uzi wa kushonea,
nikaandika: *Mungu anamjua.*

Laki saba kwa saa moja. Hamkusikia vibaya.
Laki saba zinapanda na moshi wake,
na ukishuka, upepo hautoi risiti.

Zamani alikuwa akikaa kiti cha nyuma
nyuma ya rubani wa kukodi kutoka Entebbe
aliyegeuza ndege kabla ya mstari kuisha
kwa sababu chakula chake kinapoa.
Nyati waliobaki ng'ambo ya ule mstari
hawakuwahi kuzaliwa, kwenye karatasi.
Kisha fedha za kukodi zikaisha,
miaka minne hakuna aliyehesabu kitu.

Mkutano wa Februari, Ojara alisimama.
Mtama wake umeliwa misimu miwili.
"Msichana amesomea wanyama miaka saba.
Anajua kinyesi cha tembo kina mbegu ngapi.
Sasa mnataka nimnunulie na mabawa
akawaangalie kwa juu walionilia shamba?"
Benchi lililia. Mtu akakohoa.
Akavua kofia, akatia elfu ishirini, akaizungusha.
"Na aruke. Ila asimruke hata mmoja.
Mdeni asiyehesabiwa hadaiwi."

Simu za Lakot kutoka Soroti zilikuwa fupi.
Ametapika siku tatu.
Mwalimu Tumuhairwe, mtu wa Kabale asiyecheka,
amefunika mshale wa mwendo kwa kipande cha gazeti:
*sikiliza ndege, usiitazame.*
Kuhesabu, alisema, ni kuruka chini na polepole,
na chini na polepole ndiko ndege zinakofia.
Tai akiinuka mbele yako
huna nafasi ya kumpigia hodi.
Hilo sikuliandika.
Mama yake anajua kusoma.

Juzi alikuja, ngozi ya pua imebambuka kwa jua,
na daftari lake mwenyewe, jeusi, dogo.
Tukayaweka mawili mezani, langu na lake.
Saa ya ufuta: *nilijua kushika usukani bila kuukaba.*
Saa ya Abwola: *kugeuka kushoto. Vibaya.*
Saa ya Mungu-anamjua: *injini ilizimwa makusudi,
nikasikia mbwa akibweka huko chini.*
Abwola akauliza kama beberu lake ndilo lililogeuka vibaya.
Tukacheka mpaka uji ukamwagika.

Wiki iliyopita, mwalimu akiwa kando yake, mikono mapajani,
amefuata mstari wake wa kwanza toka Pakuba hadi mtoni,
fito mbili zimefungwa kwenye mhimili wa bawa,
kinachopita kati yake kinahesabiwa.
Nyati mia tatu na kumi na wawili.
Twiga. Mzoga mmoja, mweupe kwa mavi ya tai.
Na tembo kandokando ya mashamba yetu.

Ojara alikuwa mlangoni, hakuingia.
"Yule mla mtama?"
"Nilimwona. Jike, sikio la kulia limechanika.
Ana ndama."
Ojara akatazama viatu vyake.
"Ndama naye ulimhesabu?"
"Nilimhesabu."
"Basi deni limeongezeka," akasema,
akavua tena kofia.

Elfu kumi na mbili, na sarafu.
Zimebaki saa kumi na tisa za kuruka chini.
Ufuta mwaka huu umechelewa kuchanua.
Naandika.