Beji ya Mwangalizi

Vaileti Chengula amerudi Mdabulo na lori la mbao,
kakaa mbele na dereva, begi mapajani,
shingoni bado ana ile beji.
Imeandikwa: MWANGALIZI.
Mama yake akauliza, Mwangalizi wa nini? Wa mbuzi?

Tulikutana kwenye banda la kupimia chai,
ukungu umeshuka hadi kwenye mizani.
Akatueleza.
Nchi zina viti vya mbele na vibao vya majina.
Sisi tusio nchi tunakaa nyuma, bega kwa bega:
vikundi, makanisa, miji, mabenki,
wauza mafuta.

Wauza mafuta?

Ndiyo. Mmoja alikaa kulia kwangu.
Mstaarabu. Alinipa peremende ya mnanaa.
Na beji yake?
Kama yangu. Hata kamba, rangi ile ile.

Tulipewa dakika mbili.
Nikafungua daftari, nikasoma mvua mwezi kwa mwezi.
Nilipofika Novemba
kipaza sauti kikazimwa.

Daftari hilo ni langu.
Miaka kumi na tisa, kila saa tatu asubuhi,
nimeinama kwenye kipimamvua nyuma ya zahanati.
Hata siku tuliyomzika Zabloni nilikwenda,
udongo ungali kwenye viatu:
milimita nne.
Kwa hiyo nilijua kilichobaki upande wa pili wa ukurasa.
Disemba. Mwezi ambao mianzi ilikatwa ncha
na mbeta zikaning'inia kavu,
na wanywaji wa ulanzi wakaenda kanisani
kwa kukosa pa kwenda.

Halafu Vaileti akatoa karatasi.
Yule wa peremende anataka kununua
pumzi ya miti yetu, miaka thelathini.
Miti tutabaki nayo. Pumzi ni yake.

Bibi Tulahigwa, ambaye huwa hasemi, akasema:
Akishanunua, moshi wake utapungua?

Vaileti aliitazama karatasi
kama anayetafuta sindano kwenye kapu la chai.
Hapana, bibi. Utahesabiwa.

Kimya. Mbwa mmoja akajikuna chini ya mizani.
Hela ile ingeezeka darasa, sote tulijua,
na Kihongosi, mwenye watoto wanne pale shuleni,
akainua mkono, akaushusha.

Ndipo mtu wa nyuma, sikumwona ni nani,
akasema: Soma Disemba.

Vaileti akasimama. Akasoma.
Sifuri. Sifuri. Sifuri.
Haikuchukua muda.
Dakika mbili zingetosha, na baki ingekuwepo.

Kuhusu karatasi hatujaamua;
gari la chai lilifika, tukapakia,
tumeahirisha hadi Alhamisi.

Leo asubuhi nimekuta beji
imefungwa kwenye nguzo ya kipimamvua,
inazunguka na upepo, jina linaonekana, linapotea.
Nimeinama, nimesoma: kumi na moja nukta mbili.
Nimeandika.
Wino umechelewa kukauka.