Napatikana

Kila Januari naufungua wasifu wangu
kama mtu anayefungua sanduku la nguo za baridi:
nakung'uta, nanusa, natazama palipoliwa na nondo.

Jina: Ruchira Hettigoda, wa Ambalangoda.
Mkono: kushoto. Mpira: wa mzunguko, wa taratibu.
Wiketi: mia sita na kumi na mbili, katika nchi nne.
Napatikana Aprili hadi Septemba.
Tiketi ya ndege na chumba, tutazungumza.

Umri nimeuacha wazi, mwaka wa pili huu.
Goti la kulia sikulitaja.
Hakuna aliyeliuliza.

Wasifu hausemi Aprili ya Lancashire,
mvua isiyonyesha wala kukatika,
imening'inia tu kama shuka lililokataa kukauka,
nami ndani ya sweta tatu, vidole nimevitia kwapani
visije vikasahau kazi.
Hausemi kwamba Jumanne nafundisha watoto,
Jumatano napaka uzio chokaa,
Ijumaa navuta rola na Mzee Keith Sugden
aliyeniita Richard misimu mitano mizima
na msimu wa sita, siku tuliyomzika mkewe,
akaniita jina langu lote
bila kukosea hata herufi.

Bi Maureen wa jikoni alijifunza kupika dengu kwa ajili yangu.
Zikatoka tamu kama uji wa mtoto.
Nikala. Nikaomba nyongeza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Na mwenyeji asipopona, akashuka daraja,
basi mgeni ndiye aliyekula pesa za paa la klabu.
Nimeyasikia hayo kupitia ukuta wa bafu,
maji yakinichuruzika, sabuni machoni,
baada ya kutoa mbio themanini bila wiketi.

Septemba ikiisha, Tasmania.
Nalifuata jua kama mdai anavyomfuata mdaiwa,
mlango hadi mlango.
Miaka kumi na mmoja, viangazi ishirini na viwili,
na katikati yake wiki chache za nyumbani,
begi halijafunguliwa lote.
Binti yangu Senuri ana miaka tisa.
Amejumlisha kwenye daftari la hesabu siku alizoniona:
haijafika miwili.
Mwalimu amemwekea alama ya vema.

Kupatikana, neno hili lina ncha mbili.
Kilichopotea hupatikana.
Mjanja naye, siku yake ikifika, hupatikana.

Jana wamejibu.
Wamempata kijana wa Guyana, miaka ishirini na mmoja,
anarusha kwa kasi, anapiga pia, ana leseni ya gari.
Wananishukuru kwa yote.
Chini kabisa, kwa mkono mwingine, mstari mmoja:
Rola imekuwa nzito mwaka huu. K.S.

Nimekaa uani na msumari,
nachokonoa udongo kwenye njumu:
mweusi wa kule, mwekundu wa kwingine,
na nyasi moja kavu ambayo sikuijua ni ya nani.
Kaka yangu Pradeep anabambua mdalasini.
Dole gumba lake na la kwangu yana sugu mahali pamoja;
lake limelipa ada za shule, langu limeona dunia.
Akanirushia kisu, hakusema neno.

Ganda la kwanza limekatika.
La pili pia.
La tatu limetoka refu, limejikunja lenyewe,
na Pradeep akalitazama kama refa
anayesita kuinua kidole.

Usiku, watu wamelala, nimewaandikia Waholanzi.
Jina. Mkono. Wiketi.
Umri: thelathini na saba.
Goti la kulia: linauma,
lakini hutabiri mvua nusu siku kabla.
Napatikana.