Sikio la Ndovu

Sarafu ya ishirini, mpya, jana tu imetoka benki,
leo sikio la ndovu lina mikwaruzo saba
sambamba, kama ya meno.
Muuza sukari kaikataa.

Famau sonara, kule Langoni, kaiweka chini ya lenzi.
"Si tupa hii. Si moto. Wala si kwato za punda."
Akainusa. Akacheka.
"Mwana Esha, mbona yanuka nazi?"

Nikakumbuka: umeme umekatika, nakuna gizani,
chuma kikalia *krrr*, nikadhani kifuu.
Na Shali, mjukuu wangu, kimya mno mlangoni,
ndiye aliyeificha ndani ya kizio cha nazi
ichipue.

Basi dukani nisemeje?
Ndovu kaumwa na mbuzi.
Na chenga zake za fedha
tulizila jana, na wali.