Kidoa cha Kijivu

Nugzar aliununua mchezo ule kwa diski iliyokwaruzwa,
soko la Kutaisi, theluji imeoza barabarani,
umeme ukikatika kila tukikaribia kushinda.
Ramani ilikuwa nyepesi: mito, ngome, dhahabu.
Ukiwa na ngano na farasi, dunia yako.
Na sisi, kati ya bahari mbili, tulikuwa kidoa cha kijivu:
hatuna jina, hatuna mfalme, hatubonyezeki.
Farasi wake walikatiza hapo bila kunywa maji.

Nyongeza ya kwanza ilileta dini.
Miji aliyoiteka ikaanza kusali kwa siri,
naye, fundi wa kuchomelea vyuma asiyeingia kanisani hata Pasaka,
akakesha akijenga mahekalu asije akapinduliwa.

Ya pili, biashara. Ghafla chumvi ikawa na bei,
na jeshi lililotisha nusu ya dunia
likafa njaa bila kuguswa na mshale.
"Wameniharibia!" Akakitupa kipanya ukutani,
akakiokota, akakipuliza vumbi,
akajifunza kukopa.

Ya tatu, tauni.
Manana, mkewe, akipita na sinia la vitunguu,
alimkuta akihesabu maiti wa Milano.
"Umelipa pesa," alimuuliza, "ili ufiwe?"

Mimi kila toleo nilikimbilia kona yetu kwanza.
Kijivu.
Kijivu.
Kijivu, ila sasa kina panya.

Ya nne ikaja mwezi Machi, na jina letu juu yake,
herufi ndogo, zimebanana, zinapinda kuufuata mlima.
Nugzar hakusema neno. Akaifuta himaya yake ya karne nne,
bandari thelathini na madeni yake yote,
akaanza na mikoa mitatu na mapanga mia sita.

Tulidumu miaka kumi na mmoja.
Wa kusini alitumeza, wa kaskazini akatutapika,
wa kusini akarudia, tena bila hasira,
kama mtu anayemalizia mkate uliobaki mezani.

Nugzar aliegemea kiti. Taa ya jikoni ilicheza, ikatulia.
"Kumbe nilipokuwa nikipita hapa na farasi wangu," akasema,
"palikuwa na watu."

Kisha akaanza tena. Mapanga yaleyale mia sita.
Safari hii alinunua chumvi kwanza.