Mkono wa Kushoto

Bi. Hoza alitugawia mifuko ya saruji,
imechanwa, imekung'utwa, bado inatoa vumbi.
"Tumieni upande wa ndani. Jichoreni mkiwa darasani,
si mnavyovaa siku ya mkaguzi."

Wiki ile tulikuwa tumerudi kutoka mazoezini,
mimi Pongwe, Singano Duga, wengine Maramba huko,
maandalio ya somo yamejikunja mabegini.
Rangi zilikuwa makaa, manjano ya jikoni, bluu ya kufulia;
brashi, nyuzi za mkonge kwenye kijiti.
Singano akacheka: "Miaka miwili ya ualimu,
leo tumerudishwa chekechea!"

Nikaanza na ubao. Ubao naujua.
Tarehe, mada, mstari chini yake,
mwandiko wangu ule unaosifiwa.
Kisha nikajichora. Nikajiongeza, nikajinenepesha
hadi kichwa kikagusa dari, sketi ikaziba mlango.
Wanafunzi nikawabana pembeni palipobaki:
nukta, nukta, nukta,
ufuta uliomwagika.

Bi. Hoza akasimama nyuma yangu.
Hakusema kizuri, hakusema kibaya.
"Mkono wa kushoto uko wapi?"

Nikatazama.
Sikukumbuka kuuficha.
Umekunjwa nyuma ya mgongo
vilevile alivyoukunja Mwalimu Kilua, darasa la tatu,
rula kiganjani, akipita kati ya madawati,
nasi tunahesabu hatua zake badala ya namba.

Nilijiapiza, nina miaka tisa, vidole vimevimba,
kwamba nitakuwa mwalimu wa namna nyingine.
Na Pongwe sikumgusa mtoto hata mmoja,
hilo nitaapa popote.
Ila yuko Mwanaheri, wa dawati la dirishani,
akiinua kidole hadi nusu
kisha anakirudisha, macho kwenye mgongo wangu.
Nilidhani ni haya tu.

"Nifute?"
"Makaa hayafutiki," akajibu. "Yanasambaa."
Akaenda kwa Singano, aliyekwisha kuacha kucheka:
darasa lake lina watoto arobaini,
mwenyewe hayumo.

Nikatafuta nukta moja karibu na dirisha.
Nikaipa shingo. Nikaipa kitambaa cheupe.
Nikaipa kidole, kizima, hadi juu.
Kengele ya chakula ikalia, wenzangu wakanawa mikono,
maji yakageuka bluu.

Mimi mdomo ulinishinda.
Wiki nane,
na sijui sauti yake ikoje.